Mwalimu wa Sanaa na Mijadala ya Mtandaoni: Gumzo Linapogeuka Kuwa Mafunzo

Mwalimu wa hisabati kwa kawaida ana mwenzake wa somo hilohilo. Wakikutana kwenye chumba cha walimu atamuuliza mbona hesabu za sehemu zimewashinda watoto, na mwenzake atamwelewa kabla hajamaliza sentensi. Mwalimu wa sanaa mara nyingi yuko peke yake shule nzima. Hana wa kutazama naye mchoro wa mwanafunzi na kujadili mtoto huyu amekwama wapi. Anayekuja kumkagua ataona kama andalio la somo limejazwa na kama darasa limetulia, lakini hawezi kumwambia kwamba zoezi la kivuli limekuja mapema mno, kabla watoto hawajajifunza kutambua mwanga unatoka upande gani.

Upweke huo ndio unaoipa mijadala ya mtandaoni uzito wa pekee kwa walimu wa sanaa. Lakini kuna jambo linalowachanganya wengi, nalo linafaa kufumuliwa polepole: kuwa kwenye kikundi ni jambo moja, kukua kitaaluma ni jambo jingine. Kuna anayesoma jumbe kila jioni mwaka mzima, akahifadhi mamia ya picha za kazi nzuri, na darasa lake likabaki vilevile. Kuna mwingine anayeuliza swali moja lililopangwa vizuri, akajibiwa na watu watatu, na tangu siku hiyo akafundisha uchoraji kwa namna nyingine. Wote wawili ni wanachama wa kikundi kimoja. Kinachowatenganisha ni aina ya mazungumzo wanayoyafanya, na kile wanachokipeleka darasani baada ya kuweka simu chini.

Tuanze na namna mwalimu anavyotengenezwa. Mwanasosholojia wa Marekani Dan Lortie, katika utafiti wake wa mwaka 1975, alikadiria kwamba kijana anapomaliza sekondari amekwishawatazama walimu wakifanya kazi kwa takriban saa 13,000. Ni vigumu kupata kazi nyingine ambayo mtu huitazama kwa muda mrefu hivyo kabla hajaianza. Kwa sababu hiyo tunafundisha kama tulivyofundishwa, na mara nyingi hatujui kuwa tunaiga. Kwenye sanaa hali ni nzito zaidi, maana saa za kulitazama somo lenyewe zilikuwa chache, na pengine zote zilikuwa za mwalimu mmoja. Kama yeye aliamini kuchora ni kunakili picha aliyoiweka ubaoni, mwanafunzi wake aliyekuja kuwa mwalimu ataanzia hapo. Ili atoke hapo anahitaji mtu aliyepita njia nyingine, atakayemuuliza kwa nini anafanya anachokifanya.

Walimu wa sanaa wametafutana kwa muda mrefu kwa ajili hiyo. Mwaka 1951 UNESCO iliitisha semina mjini Bristol, Uingereza, kuhusu ufundishaji wa sanaa, na mwaka 1954 ikazaliwa InSEA, jumuiya ya kimataifa ya elimu kwa njia ya sanaa. Enzi hizo kukutana kulidai nauli, mwaliko na ruhusa. Leo mwalimu aliye peke yake shuleni anaweza kupiga picha mchoro wakati wa mapumziko na kupata maoni ya watu wa mabara mawili matatu kabla ya jua kuchwa. Na hao wa mbali wana faida yao. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter, alipochunguza jinsi watu wanavyopata kazi, alionyesha kwamba habari mpya huja zaidi kupitia wale tunaofahamiana nao kwa mbali, kwa kuwa wa karibu nasi wanajua yaleyale tunayoyajua.

Kugawana si sawa na kufanya kazi pamoja

Mwaka 1990, kabla mtandao haujaenea, mtafiti Judith Warren Little aliuchambua ushirikiano wa walimu akaupanga katika ngazi nne. Ya kwanza ni kusimuliana visa na kuokota wazo hapa na pale. Ya pili ni kusaidiana mtu anapoomba. Ya tatu ni kugawana zana na mbinu. Ya nne ni kufanya kazi pamoja, ambapo walimu wanategemeana na kila mmoja anawajibika kwa mwenzake. Hoja yake ilikuwa kwamba ngazi tatu za mwanzo humwacha kila mwalimu alipo: anachukua anachokipenda, anaacha kinachomsumbua, na hakuna anayeugusa uamuzi wake wa darasani.

Ukiitazama mijadala ya walimu wa sanaa kwa jicho hilo, utaona mingi imesimama kwenye ngazi ya tatu. Mtu anaomba andalio la somo la kolaji (picha ya vipande vilivyobandikwa), mwingine analituma, wa tatu anashukuru. Ni ukarimu wa kweli na unaokoa usiku wa mtu. Ila andalio lililohamishwa limebeba hatua, halikubeba sababu za hatua. Anayelipokea hajui kwa nini mwenzake alianza na karatasi nyeusi na nyeupe kabla ya rangi, wala hajui ni wapi darasa la kwanza lilipokwama. Atalifundisha, na likigoma hatajua pa kurekebisha.

Ngazi ya nne inaonekanaje mtandaoni? Chukua suala la kuweka alama. Walimu watano wanakubaliana kutazama kazi tatu zilezile za wanafunzi, za mada moja. Kila mmoja anaweka alama na kuandika sababu kwa mistari miwili bila kuona za wengine, kisha zote zinafunuliwa kwa pamoja. (Kuzificha mwanzoni ni muhimu; alama ya kwanza kuonekana huzivuta nyingine zote kuelekea kwake.) Mmoja ametoa 80 kwa mchoro wa chungu kwa sababu uwiano ni sahihi. Mwingine ametoa 55 kwa mchoro huohuo, kwa kuwa mistari yote ina uzito mmoja na mtoto hakujaribu chochote kipya. Hapo mafunzo yameanza, maana kila mmoja sasa analazimika kusema anathamini nini: usahihi, ujasiri, ufundi wa mkono, au wazo. Na akishasema, swali linalofuata linauma kidogo: je, wanafunzi wake wamewahi kuambiwa hivyo kabla ya kazi kusahihishwa?

Mjadala wa namna hii unaweza kugeuka ugomvi wa ladha usipokuwa na utaratibu. Upo ambao walimu wengi wa sanaa wanaujua tayari, wa mtaalamu wa elimu ya sanaa Edmund Burke Feldman: kwanza eleza kinachoonekana, halafu changanua sehemu zinavyohusiana, halafu fasiri, na hukumu ije mwisho. Tunawafundisha wanafunzi huo huo, kisha sisi wenyewe tunausahau tukishika simu. Picha ya kazi ya mtoto ikiwekwa, maoni kumi ya kwanza ni “nzuri sana” pamoja na alama za moyo. Sifa zinatia nguvu, na mwalimu aliye peke yake anazihitaji kweli, lakini hazimwonyeshi hatua inayofuata.

Swali linavyobeba jibu

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama hili: “Wanafunzi wangu wanasema hawajui kuchora, nifanyeje?” Litapata majibu mengi, yote ya kweli na yote mepesi: watie moyo, wape muda, waandalie mashindano. Sasa tazama swali hilohilo likiandikwa upya:

“Nina wanafunzi 45 wa miaka 12 na 13, kipindi cha dakika 40, penseli na karatasi tu. Niliwaambia kila mmoja achore mkono wake wa kushoto. Nilichora mfano ubaoni kabla hawajaanza. Wengi walimaliza ndani ya dakika tano, vidole vimenyooka na vina urefu mmoja, kisha wakafuta na kusema hawawezi. Nimeweka picha nne, mbili za walioendelea na mbili za walioacha. Natafuta njia ya kuwafanya watazame kwa muda mrefu zaidi.”

Swali la pili linampa msomaji mahali pa kushika. Mmoja ataona kwenye picha kwamba watoto wanachora mkono walio nao kichwani, siyo ule ulio mezani, naye atapendekeza wachore bila kutazama karatasi, jicho na penseli vikitembea polepole pamoja kwenye ukingo wa mkono. Mwingine atasema wachore nafasi tupu zilizo kati ya vidole badala ya vidole vyenyewe. Mwingine atagusia umri: Viktor Lowenfeld, aliyeandika katikati ya karne ya 20 kuhusu hatua za uchoraji wa watoto, alieleza kwamba mtoto akikaribia ujana huanza kuikosoa kazi yake kwa ukali, akitaka ifanane na kitu halisi. Kwa hiyo “siwezi” ya mtoto wa miaka 12 haitokani na uvivu. Jicho lake limeutangulia mkono wake, na anajua.

Kisha atatokea mtu wa kuuliza: ule mfano wa ubaoni, uliuchora ukiutazama mkono wako, au uliuchora kwa kukumbuka? Kwangu mimi jibu hilo lenye umbo la swali linazidi yale mengine yote. Mbinu za kuchora zinapatikana popote. Kuambiwa kwamba huenda wewe mwenyewe uliwaonyesha watoto namna ya kuchora bila kutazama, hilo unalipata kwa mwenzako tu.

Aliyeuliza naye ana deni. Mijadala mingi hufia kwenye “asanteni nyote,” na kikundi hakijui kamwe kama ushauri ulifanya kazi. Ujumbe mfupi wiki mbili baadaye, wenye picha nne nyingine na maelezo ya kilichotokea, hata kama ni kushindwa, una faida kuliko majibu yote yaliyoutangulia. Ndio unaogeuza maoni kuwa maarifa yaliyojaribiwa.

Wanaosoma bila kusema

Katika kila kikundi wengi wako kimya. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni karibu asilimia 90 husoma tu, asilimia 9 huchangia mara chache, na asilimia 1 ndio wanaotoa sehemu kubwa ya michango. Wasimamizi wa vikundi huwalaumu hao walio kimya, hata kutishia kuwaondoa. Nadhani wanakosea, ingawa siyo kabisa.

Mwanaanthropolojia Jean Lave alichunguza mafundi cherehani wa Liberia na jinsi wanagenzi wao wanavyojifunza. Mwanagenzi hakuanza na kukata kitambaa, ingawa vazi huanzia hapo. Alianza na umaliziaji: vifungo, pindo, kupiga pasi. Baadaye alishona vipande, na kukata kulikuja mwisho, kwani kosa la mkasi linaharibu kitambaa kizima. Akiwa pembeni aliliona vazi zima na kuelewa kila sehemu ni ya nini. Kutokana na kazi hiyo na nyinginezo, Lave na Etienne Wenger waliandika mwaka 1991 kwamba mtu huingia kwenye taaluma akianzia pembezoni, na kukaa pembezoni ni njia halali ya kujifunza.

Mwalimu mpya anayesoma kimya yuko pembezoni hapo. Lakini tusisahau kwamba yule mwanagenzi alikuwa anashona vifungo; mikono yake ilikuwa kazini. Msomaji wa kimya hukua iwapo kuna jambo dogo analolijaribu darasani kutokana na alichosoma: anabadilisha swali moja analowauliza watoto mbele ya picha, au anaacha dakika tatu za kutazama kabla ya penseli kuguswa. Asipojaribu chochote, usomaji huo ni burudani tu. Na kikundi kinachomjali humpa kazi ndogo za kuingilia, kama kupiga picha meza za darasa lake baada ya kipindi cha rangi ya maji na kueleza anavyogawa brashi. Hilo halimtishi mtu, na kila mwenye darasa kubwa ana la kujifunza humo.

Uongo unaosafiri vizuri

Jambo likirudiwa na watu wengi wenye nia njema, hupata sura ya ukweli. Kwa walimu wa ufinyanzi, mfano ulio wazi ni ule wa mapovu ya hewa. Chombo kikipasuka kwenye tanuri, jibu huja upesi: hukukanda udongo vizuri, hewa imebaki ndani. Watoto wanaambiwa hivyo, wanakua nalo, wanalifundisha.

Kinachopasua chombo ni maji. Udongo unaoonekana mkavu juu unaweza kuwa na unyevu ndani, hasa sehemu nene. Joto likipita nyuzi 100 za Selsiasi haraka, maji hayo yanageuka mvuke, na mvuke unahitaji nafasi ya takriban mara 1,700 ya maji yaliyouzaa. Usipopata njia ya kutoka kwa wakati, unavunja ukuta. Hewa peke yake haina nguvu hiyo. Udongo mkavu una vitundu vidogo ambavyo hewa hupitia. Dawa ni kukausha kwa siku za kutosha, kuepuka kuta nene, kutoboa tundu kwenye sanamu zilizofungwa ili sehemu za ndani zikauke, na kulipandisha joto polepole sana mwanzoni, likishikiliwa chini ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa.

Kwa nini uongo huu haufi? Kwa sababu ushauri unaotokana nao unaonekana kufanya kazi. Anayeambiwa aondoe mapovu hukanda zaidi, hutoboa sanamu, huichimba ndani, na bila kujua amepunguza unene na kuharakisha ukaukaji. Chombo kinapona, na sifa inakwenda kwa sababu isiyo yake. Kikundi kizima kinaweza kuthibitishiana kosa kwa miaka kwa namna hii, kila mmoja akiwa na ushahidi wa darasa lake. Tiba ni swali lililoulizwa kwa heshima: “Umejuaje?” Na pili: chombo kile kilikuwa na unene gani, kilikauka siku ngapi, hali ya hewa ilikuwaje? Walimu kumi wakiandika mambo hayo kila wanapochoma, baada ya mwaka watakuwa na kitu ambacho hakuna mmoja wao angekipata peke yake.

Kosa la mapovu halimuumizi mtu. Mengine yanaumiza. Ukimwona mtu anashauri kufagia vumbi la udongo likiwa kavu, au kulainisha vyombo vikavu kwa msasa darasani bila maji, mzuie palepale: vumbi hilo lina madini ya silika, na likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu. Linafutwa kwa kitambaa kibichi. Vilevile rangi za unga na vimiminiko vya kung’arishia vyombo visipendekezwe kwa watoto mpaka ijulikane kwamba havina madini ya risasi. Kwenye mambo haya upole wa kikundi usizidi ukweli.

Yapo pia yanayohusu akili za watoto. Wazo kwamba kila mwanafunzi ana mtindo wake wa kujifunza, wa kuona au wa kusikia au wa kugusa, na kwamba lazima afundishwe kwa mtindo huo, hupendwa sana na walimu wa sanaa kwa kuwa linaipa picha hadhi. Mapitio ya kina ya mwaka 2008 hayakupata ushahidi wa kutosha wa kuliunga mkono. Picha ina thamani yake bila hoja hiyo.

Kazi ya mtoto ni mali ya mtoto

Haya yote yanategemea picha za kazi za wanafunzi, na hapa wengi hupita haraka mno. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, unaofuatwa na nchi nyingi, hakimiliki huanza pale kazi inapoundwa, bila kusajiliwa. Mchoro wa mtoto wa miaka 9 ni wa mtoto huyo. Mwalimu anayetaka kuuonyesha aombe ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, afiche jina na shule, na asiweke uso. Zaidi ya sheria kuna utu: mchoro ulioshindwa, tunaouhitaji sana kwenye mjadala, umetengenezwa na mtu aliyeona aibu alipoutoa. Uonyeshwe mbele ya wachache wanaoaminika, kwenye kikundi kilichofungwa, wala usipelekwe palipo wazi kwa kila mpita njia.

Je, saa hizi zinahesabiwa?

Waajiri wengi huhesabu semina na vyeti, na mjadala wa mtandaoni hauna cheti. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Marekani mwaka 2007 yanatoa mwanga hapa. Yalichuja tafiti zaidi ya 1,300 kuhusu mafunzo ya walimu kazini na kubakiza 9 tu zilizotimiza vigezo. Mafunzo ya zaidi ya saa 14 ndiyo yaliyoonyesha matokeo mazuri kwa wanafunzi, na wastani wa zote tisa ulikuwa saa 49. Zilihusu kusoma, hisabati na sayansi, kwa hiyo mwalimu wa sanaa asizichukue kama amri. Lakini zinaitilia shaka semina ya siku moja yenye chai na cheti, na zinaipa nguvu kazi inayorudiwa wiki baada ya wiki, ambayo ndiyo hasa kikundi kizuri kinaweza kuifanya bila gharama kubwa.

Anayetaka saa hizo zitambuliwe aweke jalada. Ndani yake awe na swali alilouliza, majibu mawili au matatu yaliyombadilisha, andalio la somo la kabla na la baada, na kazi za wanafunzi walewale za muhula wa kwanza na wa tatu, zikiwa na maelezo ya nini kimebadilika na nini bado. Kurasa nane zinatosha. Mwalimu mkuu asiyejua kuchora ataweza kuzisoma na kuelewa, kwa sababu ushahidi uko mezani mbele yake. Msimamizi wa kikundi naye asaidie kwa kuhifadhi mijadala iliyofika mwisho, ikiwa na matokeo yake, mahali ambapo mwalimu atakayejiunga mwakani ataikuta na kuendelea kutoka hapo.